Shikamoo, Bwana: Kupanga Onyesho la Kwanza la Filamu ya Unguja ya 1897



Mhadhara huu umetokana na neno dogo. Wanafunzi sita wa sanaa za maonyesho walinijia ofisini wakiwa na mswada wa filamu fupi ya kihistoria, wakaniomba niupitie. Hadithi ilikwisha kupangwa, maleba yalikwisha kuchorwa, na mahali pa kupigia picha palikuwa panatafutwa. "Limebaki suala la lugha tu, Mwalimu," alisema kiongozi wao. Hilo "tu" ndilo lililonikalisha nao kwa majuma kadhaa, na ndilo ninalokusudia kulizungumzia jioni hii. Nitajifunga na onyesho la kwanza peke yake, yaani dakika tatu hivi za filamu ya dakika ishirini na tano, kwani kwa maoni yangu onyesho hilo ndilo linaloamua kama mtazamaji atayasadiki yote yatakayofuata.

Kwanza niieleze hadithi yenyewe. Tarehe 6 Aprili 1897, Sayyid Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar, alitoa tamko la kuiondolea hali ya utumwa nguvu ya sheria katika visiwa vya Unguja na Pemba. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba siku hiyo watumwa waliachwa huru. Tamko halikufanya hivyo. Lilisema kwamba mahakama hazitatambua tena dai la mtu kummiliki mtu mwingine. Mtumwa aliyetaka kutambuliwa kuwa huru ilimlazimu aende mwenyewe mbele ya mahakama ya wilaya na kuomba. Bwana wake aliyeweza kuthibitisha milki yake alilipwa fidia. Mtumwa hakulipwa kitu. Kinyume chake, alitakiwa aonyeshe kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujipatia riziki, la sivyo angeweza kuhesabiwa mzururaji. Masuria waliachwa nje ya tamko hilo, wakahesabiwa kama wake wa nyumba, na haikuwa mpaka 1909 ndipo sheria ilipowafikia nao. Watumwa wengi hawakwenda mahakamani kabisa. Walibaki mashambani, wakapatana na mabwana zao juu ya siku za kazi na kipande cha ardhi cha kulima.

Filamu ya wanafunzi hawa inamhusu mwanamke mmoja aliyekwenda. Ni mtu mzima wa miaka hamsini au zaidi, mtumwa wa shamba, aliyetembea hadi mjini katika majuma ya mwanzo baada ya tamko. Wazo ni zuri, tena ni la kijasiri, kwa sababu habari za utumwa katika visiwa vile bado hazijapoa. Mtu akizigusa ovyo huwaumiza walio hai.

Mswada wa kwanza ulifungua filamu kama filamu nyingi za namna hii zinavyofunguliwa. Jahazi lenye tanga kubwa linaingia bandarini kutoka Omani. Kamera inapita mbele ya majumba ya Sultani, inafika sokoni, nasi tunaona minyororo na mnada. Kisha tunahamia shambani, ambako mwanamke wetu anachuma karafuu huku machozi yakimtoka. Hakusemwi neno hata moja kwa dakika nne, isipokuwa muziki.

Nitayapitia makosa ya picha hizo upesi, maana si hayo yanayonishughulisha. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, enzi ya Sayyid Barghash, na kufikia 1897 mahali pake palikuwa na kanisa kuu la Waanglikana. Mnada katika onyesho hilo umechelewa kwa miaka ishirini na minne. Majahazi ya Uarabuni huja na pepo za kaskazi. Mwezi wa Aprili na Mei kusi imekwisha kushika, na chombo kinachoonekana kinaelekea kwao, hakiingii. Karafuu hazichumwi katika mvua kubwa za masika, huchumwa baadaye. Na majumba ya Sultani katika mwaka ule hayakuwa yale ya kadi za posta. Tarehe 27 Agosti 1896, baada tu ya saa tatu asubuhi, manowari za Kiingereza zilimpiga mizinga Khalid bin Barghash aliyekuwa amejitwalia kiti, na kwa muda usiofika saa nzima majumba ya mbele yalikuwa vifusi. Beit al-Ajaib ilisalimika. Leo hata hiyo haipigiki picha kama ilivyokuwa, kwani sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Wanafunzi walipoyasikia haya walihuzunika, kisha wakafurahi. Walikuwa wamefutiwa gharama kubwa.

Linalonishughulisha ni ule ukimya wa dakika nne. Nilipowauliza sababu yake, walinijibu kwamba picha hueleza wakati haraka kuliko maneno. Kwa filamu ya lugha nyingine huenda ni kweli. Kwa hadhira ya Kiswahili nina shaka. Mtazamaji wa Tanga, Lamu au Bujumbura hajui kanzu ya 1897 ilishonwaje shingoni, wala hawezi kutofautisha jahazi na bagala. Lakini mwambie mtu huyo nani amemwamkia nani, kwa neno gani, na ameitikiwaje, naye atakueleza umri wao, cheo chao, na kama kuna jambo lisilo sawa baina yao. Huo ni ujuzi ambao kila mzungumzaji wa lugha hii amekuja nao kutoka nyumbani. Mwongozaji asiyeutumia katika onyesho la kwanza anatupa mali aliyopewa bure.

Kwa hiyo tuliuweka mswada kando tukaanza na salamu.

Tulikubaliana kwamba onyesho litakuwa chumba kimoja, meza moja, karani mmoja na yule mwanamke. Karani ni kijana asiyezidi miaka ishirini na mitano. Mwanafunzi aliyeandika mazungumzo alimfanya karani amwamkie mwanamke, kwa kuwa ni mkubwa wake: "Shikamoo, mama." Mkono wake uliandika hivyo wenyewe, kwa adabu njema aliyolelewa nayo. Nikamwomba aufikirie mwanzo wa neno lenyewe. Shikamoo ni "nashika miguu yako." Katika karne ya 19 ilikuwa salamu ya aliye chini kwa aliye juu, na kwa namna ya pekee ilikuwa salamu ya mtumwa kwa bwana wake. Kwamba leo tunaitoa kwa umri, na kwamba waziri humwamkia hivyo mwanamke mzee wa kijijini bila ya kuona haya, ni mabadiliko makubwa yaliyotokea ndani ya neno ambalo umbo lake halikubadilika. Sijui kama kuna neno jingine la Kiswahili lililofanya safari ndefu kama hiyo huku likionekana limekaa palepale.

Sasa ligeuze. Mwanamke wa miaka hamsini na zaidi, mvua imemlowesha, anasimama mbele ya kijana wa umri wa mwanawe na kusema: "Shikamoo, bwana." Na kijana, bila ya kuinua macho kutoka kwenye daftari, anaitika: "Marahaba."

Tulilijaribu darasani mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao hawakuambiwa chochote juu ya hadithi. Darasa zima lilishtuka. Msichana mmoja alisema kwa sauti, "Ah, jamani!" Hakuna aliyemwonyesha mnyororo, wala hakutajiwa mwaka. Maneno matatu yalimweleza kwamba amefika katika ulimwengu ambao umri haukuwa kitu mbele ya hali ya mtu. Filamu iliyotaka kutumia jahazi, soko na shamba kuueleza ulimwengu huo sasa ilikuwa imeueleza kwa pumzi moja. Hapo ndipo wale wanafunzi sita walipoacha kusema "suala la lugha tu."

Baada ya salamu hufuata jina. Karani hana budi kuliuliza, kwa kuwa kazi yake ni kuandika. Mswada wa kwanza ulimpa mwanamke jina la Neema, ambalo ni zuri, lakini lina harufu ya wakati na mahali pengine. Tukatafuta. Majina ya watumwa yaliyobaki katika maandishi ya wasafiri na ya wamisheni ni mengi: kwa wanaume akina Baraka, Feruzi, Mabruki, Uledi, Songoro. Mara nyingi ni majina ya baraka au ya vito vya thamani, aliyopewa mtu na wale waliomnunua. Ndipo mmoja wao akakumbuka Siti binti Saad. Kila mpenzi wa taarabu anamjua. Shaaban Robert ameandika wasifu wake. Alizaliwa Fumba, kusini ya mji wa Unguja, yapata 1880, na jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Siti lilikuja baadaye, pamoja na sifa yake.

Kutokana na kumbukumbu hiyo mwanafunzi mmoja aliandika mistari ifuatayo usiku uleule, na sikuibadilisha isipokuwa neno moja:

"Jina lako nani?"

"Mtumwa."

"Hilo nalijua. Wote waliokaa barazani hapo nje ni watumwa. Nakuuliza jina."

"Ndilo jina langu, bwana."

Neno nililolibadilisha lilikuwa "waliopanga foleni." Foleni ni neno la askari, lililotokana na amri ya Kiingereza, na halikustahili kumponyoka karani huyu. "Waliokaa barazani" linatosha, tena linatuonyesha jengo.

Nawaomba wanafunzi wa isimu mliopo muitazame mistari hiyo kwa makini. Hakuna ndani yake neno lisilojulikana na mtoto wa darasa la tatu. Kinachofanyika ni kwamba nomino moja inasikiwa mara ya kwanza kama jina la hali, na mara ya pili kama jina la mtu, na karani ndiye anayekosea. Katika maandishi tungesaidiwa na herufi kubwa. Katika filamu hakuna herufi kubwa, kuna sauti tu, na kwa hiyo kosa la karani ni kosa letu pia sisi tunaosikiliza. Sisi nasi tulidhani amejibu hali yake. Mwongozaji alitaka kuongeza maelezo, karani acheke au aombe radhi. Nilimsihi asimwongezee kitu. Karani aliandike jina, kisha aulize swali linalofuata kwa sauti ileile: "Binti nani?"

Hapo ndipo kimya kinapohitajika, na ndipo kilipopata mahali pake. Muungwana wa Unguja alijulikana kwa baba yake na baba wa baba yake. Mtumwa aliyeletwa utotoni kutoka bara alijulikana kwa bwana wake. Swali la karani ni la kawaida kabisa, analiuliza mara arobaini kwa siku. Kwa mwanamke ni swali ambalo jibu lake lilibaki ng'ambo ya bahari. Mchezaji atakaa kimya kwa muda gani? Tulipima kwa saa: sekunde saba zilikuwa nyingi mno, tatu zilikuwa chache. Jambo hili halijaamuliwa, wala sidhani litaamuliwa kabla ya siku ya kupiga picha.

Sasa niseme kidogo juu ya namna tulivyolipima kila neno. Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyotolewa 1999 na kufanywa filamu na Amil Shivji 2021, inahusu Unguja ya miaka ya 1950. Waliotayarisha filamu ya wakati huo wanaweza kumwendea mzee aliyekuwapo na kumwuliza watu walisemaje. Kwa 1897 hakuna wa kumwuliza. Vilivyobaki ni vitabu. Kitabu cha Steere cha 1870 juu ya Kiswahili cha Unguja ni cha kwanza kufunguliwa. Kamusi ya Madan ya 1903 ndiyo iliyo karibu zaidi na mwaka wetu. Kamusi ya Krapf ya 1882 ina utajiri mkubwa, lakini msingi wake ni Mombasa na mwanafunzi asiyejihadhari atamfanya mwanamke wa Unguja aseme Kimvita. Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa na Velten 1903, kina kurasa za Mtoro bin Mwinyi Bakari juu ya watumwa na adabu zao, zenye thamani isiyopimika. Ila tusisahau kwamba mwandishi ni muungwana wa Mrima anayeeleza watumwa walivyopaswa kuwa, na mtumwa mwenyewe angeyaeleza mengine. Kamusi Sanifu ya Johnson ya 1939 niliwakataza kuitumia kama ushahidi. Usanifishaji ulianza baada ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi mwishoni mwa miaka ya 1920, na Kamati ya Lugha ikaundwa 1930. Mwanamke wetu hakuwahi kusema Kiswahili Sanifu hata siku moja, kwa kuwa hakikuwapo.

Mswada ulipopitishwa katika chujio hilo yalianguka maneno mengi. "Changamoto" lilianguka bila ya mjadala. "Mkoloni" lilianguka kwa masikitiko. "Mheshimiwa" likawa "bwana." Sentensi moja, "Nimekuja kudai haki zangu za kibinadamu," tuliicheka sote, na mwandishi wake akicheka kuliko sisi. Lakini yapo maneno ambayo hatari yake ni kubwa zaidi kwa sababu yapo vitabuni, yanafanana na yetu, na maana yake ni nyingine. Bibi lilikuwa mwanamke mwenye nyumba, mwenye watumwa. Mtazamaji wa leo atamsikia nyanya yake. Mjinga lilikuwa jina la mtumwa mgeni, aliyeletwa karibuni na ambaye hajajua lugha wala mila za pwani; leo ni tusi. Mstaarabu, muungwana, mshenzi: kila moja linakuja na mizigo yake. Katika onyesho la kwanza neno la namna hii litumike tu pale ambapo mazingira yanalieleza. Pengine pote liachwe. Filamu haina tanbihi chini ya ukurasa.

Neno gumu kuliko yote lilikuwa uhuru. Mswada ulimfanya mwanamke, alipoulizwa amekuja kufanya nini, ajibu kwa kifua kilichotunishwa: "Nataka uhuru wangu!" Nani atakayemlaumu mwandishi? Sisi tuliozaliwa baada ya 1961 hatuwezi kulisikia neno hili bila ya kusikia bendera ikipanda. Na katika Zanzibar, ambako Desemba 1963 na Januari 1964 zinafuatana kwa siku chache hivyo, neno lenyewe bado lina ubishi ndani yake: uhuru wa nani, na wa tarehe ipi? Mtazamaji akilisikia neno hilo katika dakika ya pili ya filamu ataiacha 1897 na kurudi katika siasa za nyumbani kwake. Lakini kuliondoa kabisa pia ni udanganyifu, kwa kuwa huru ndilo neno la sheria lililokuwapo, na ndilo alilolifuata kwa miguu kutoka shamba.

Tulifika katika suluhisho hili. Mwanamke halisemi. Akiulizwa haja yake, anasema, "Nimekuja kuandikwa." Neno "huru" analisema karani, mara moja, mwishoni, anapojisomea alichoandika kabla ya kumwita mwingine, analisema kama vile mpima karafuu anavyotaja uzito. Mtumwa, wa shamba la fulani, huru. Kisha anachovya kalamu. Hapo neno linarudi kuwa lilivyokuwa: alama katika daftari, yenye malipo kwa mtu ambaye hayumo chumbani. Aliyeandikwa huru hakuwa muungwana kwa kuandikwa huko. Huru ilikuwa hali ya karatasi, muungwana ilikuwa hali ya ukoo na mwenendo, na watu waliokuwa barazani siku ile waliijua tofauti hiyo vizuri kuliko waliotunga tamko. Sehemu iliyobaki ya filamu, kama nilivyoielewa, inahusu yale yaliyomo baina ya maneno hayo mawili.

Kabla ya hapo lakini yapo maswali mengine mawili ya karani, ambayo wanafunzi walitaka kuyakata ili kupunguza muda: "Wakaa wapi?" na "Wala kwa kazi gani?" Niliwashikilia wayabakize. Ndiyo masharti ya tamko lenyewe, makazi na riziki, na mtazamaji akiyasikia yakiulizwa kwa upole ataielewa sheria bila ya kuhutubiwa. Mwanamke anaweza kujibu swali la kwanza kwa kutaja shamba la bwana wake, kwa kuwa hana mahali pengine. Ajibu hivyo, na karani aandike hivyo.

Juu ya lafudhi tulibishana sana. Mchezaji mmoja alipendekeza kumpa mwanamke Kiswahili cha kuvunjikavunjika, ili ijulikane kwamba asili yake ni bara, upande wa Ziwa Nyasa. Nilipinga, na nitapinga tena. Michezo yetu ya kuchekesha imetuzoesha kumcheka mtu wa bara kwa ulimi wake, na hadhira itacheka hata kama mwongozaji hakukusudia. Zaidi ya hayo si kweli. Mtu aliyefika Unguja akiwa na umri wa miaka minane na kukaa hapo zaidi ya arobaini anasema Kiunguja kama waliozaliwa hapo, labda kwa vokali moja au mbili zilizobaki nyuma. Mwenye lafudhi ya kigeni chumbani ni karani. Serikali ya Sultani iliwaajiri Wagoa, Waparsi na Wangazija katika kazi za uandishi. Wanafunzi walimchagua Mngazija, ajuaye Kiarabu kwa chuo na Kiswahili kwa jirani. Aliye mnyonge kwa hali ndiye mwenye lugha, na mwenye kalamu ndiye mgeni wa lugha. Mtazamaji makini atalihisi hilo bila ya kuambiwa. Kwa matamshi nilimshauri mchezaji azisikilize sahani za santuri ambazo Siti binti Saad na wenzake walirekodi Bombay mwaka 1928 kwa His Master's Voice. Ni nyimbo, si mazungumzo, na uimbaji hurefusha vokali. Hata hivyo ni sauti ya mtu aliyezaliwa karibu na Unguja mjini katika karne ya 19, na si jambo dogo kuisikia.

Maleba yaliamuliwa kwa dakika kumi. Kaniki, basi, miguu mitupu. Buibui lilienea kwa wanawake wa tabaka zote mjini katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, na kwa hiyo tulilitoa. Kanga tuliyoletewa ilikuwa nzuri ajabu, ila ilikuwa na methali iliyochapwa kwa herufi za Kirumi, na kanga za maandishi hazikuwa zimeanza. Zilipoanza, maandishi yake ya kwanza yalikuwa kwa herufi za Kiarabu. Nasikia ile kanga sasa imefanywa pazia la ofisi yao.

Mwandiko wa mwanzo wa filamu, ule unaomwambia mtazamaji yuko wapi, ulikuwa "Zanzibar, Mei 1897." Tumeubadilisha ukawa "Unguja, Mfunguo Tatu 1314." Baadhi yenu mtasema tunamchanganya mtazamaji. Namkubalia achanganyikiwe kidogo. Huo ndio mwezi na mwaka ambao mwanamke na karani wote wawili walikuwa wakiuishi, siku chache kabla ya Idi Kubwa. Mei 1897 ulikuwa mwezi wa ofisi ya Mwingereza. Miaka hii miwili itaonekana pamoja baadaye, kwenye karatasi atakayopewa.

Mpangilio wa mwisho wa onyesho, basi, ni huu. Kioo ni cheusi. Tunasikia mvua ya masika na sauti za watu wanaosubiri, bila ya kuwaona. Mwandiko unaonekana na kutoweka. Tunasikia "Shikamoo, bwana" kabla ya kumwona aliyeisema. Picha ya kwanza ni ya mkono wa karani juu ya daftari, na "Marahaba" inasemwa juu ya picha hiyo. Uso wa mwanamke hatuuoni mpaka aseme jina lake kwa mara ya pili. Kamera haitembei. Muziki hakuna. Waliopanga gharama wanasema onyesho zima litagharimu chini ya robo ya lile la jahazi, na kilicho ghali ndani yake ni mvua, kwa kuwa wao walizoea kupiga picha wakati wa likizo ya Julai, jua likiwaka. Wameamua kuisubiri masika. Chumba wamekwisha kukipata, cha nyumba ya zamani yenye dari la boriti, na mwenyewe amewapa kwa bei nafuu kwa sababu kinavuja upande wa mlangoni, mahali hasa ambapo mwanamke atasimama. Walikuwa wanajiandaa kuliziba lile tundu. Nimewaandikia wasubiri kwanza waone maji yanadondokea wapi.